Chiriku wa Galápagos hawakumpa Darwin jibu papo hapo

Wengi tumefundishwa kwamba mwanasayansi Charles Darwin alipowaona chiriku wa Galápagos, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, mwaka 1835, nadharia ya mageuko ya viumbe ilimjia hapohapo. Sivyo. Chiriku wengi aliowakusanya hakuwaandikia hata kisiwa walikotoka. Ni John Gould, mtaalamu wa ndege jijini London, aliyebaini mwaka 1837 kwamba wenye midomo minene na wenye midomo myembamba ni jamaa wa karibu. Kwangu, ukweli huu unavutia kuliko hadithi yenyewe.

Mageuko ya chiriku hao hayajakoma: ukame wa 1977 katika Daphne Major, kimojawapo cha visiwa hivyo, uliwaua wengi, wakasalia hasa wenye midomo mikubwa. Leo hatari imo kiotani. Mabuu ya nzi mgeni, Philornis downsi, hunyonya damu ya makinda.