Kaboni iliyomo hewani si kaboni inayotoka mjini

Wiki hii nimeletewa tena grafu ya kaboni dioksidi iliyotokana na kihisi kidogo kilichofungwa juu ya paa la ofisi moja hapa Kampala, nami nikaombwa tena nithibitishe kuwa hiyo ndiyo kaboni inayotolewa na mtaa ule. Mteja alionyesha kilele cha alfajiri, kisha bonde la saa nane mchana, akahitimisha kuwa magari ya mchana hayachafui sana. Dhana hii inanichosha kuliko nyingine zote, kwa sababu watu wanapanga matumizi ya fedha kwa kuitegemea.

Ukolezi wa gesi hewani, yaani wingi wake ndani ya hewa, ni jambo moja, na kiasi cha gesi kinachotoka ardhini kwenda angani ni jambo jingine. Usiku ardhi inapoa, hewa ya chini inatulia, na tabaka linalopokea moshi wa majiko ya makaa, pumzi za watu na viumbe vya udongoni linakuwa jembamba, hivyo hata utoaji mdogo unarundikana mabondeni mpaka jua lichomoze. Jua likishapasha ardhi moto, hewa huanza kupanda na kuchanganyika hadi kimo cha kilomita moja au zaidi, na moshi wa maelfu ya bodaboda na teksi unasambaa katika tabaka nene. Ndiyo maana ukolezi unashuka saa ile ile ambayo barabara zimejaa.

Anayesoma kina cha Ziwa Victoria pale Jinja anajua maji yamefika wapi, lakini kina hicho peke yake hakimwambii mvua imeongeza kiasi gani, Mto Kagera umeleta kiasi gani, wala Mto Naili umeondoa kiasi gani. Hata mvuke, ambao ndio njia kubwa kabisa ya maji kuondoka katika ziwa hilo, hauonekani kwenye kipimo hicho. Kihisi cha paani kinasoma kina tu. Mteja wangu anauliza habari za mto.

Kupima mto wenyewe kunahitaji mnara unaopita paa za majirani, kwa kawaida kwa kimo kisichopungua mara mbili ya wastani wa majengo. Juu yake hufungwa kipimaupepo cha mawimbi ya sauti pamoja na kichanganuzi cha gesi, na vyote viwili husoma mara 10 au 20 kila sekunde. Hewa husafiri kwa mafungu yanayopanda na kushuka. Mafungu yanayopanda yakibeba kaboni nyingi kuliko yanayoshuka, mji unatoa, na wastani wa dakika 30 hivi ndio unaotupa kiasi kwa kila mita ya mraba kwa kila sekunde. Kihisi kinachochukua dakika nzima kuitikia badiliko hakiwezi kazi hii, hata kikirekebishwa vizuri namna gani. Ukolezi una nafasi yake, nakubali: katika usiku mtulivu tunaupima kwa vimo kadhaa ili kujua ni kaboni kiasi gani imejilimbikiza chini ya mnara bila kufika kwenye ala, kisha tunaijumlisha. Huo ni msaidizi wa hesabu, hauwi hesabu yenyewe.

Wengine hudhani mnara unapima kiwanja uliposimama. Unapima eneo ambalo upepo unatokea, mara nyingi mamia ya mita, na hapa kwetu upepo wa mchana ukitoka ziwani na wa usiku ukitoka nchi kavu, mnara mmoja unaweza kusimulia habari za mitaa miwili tofauti kwa siku moja. Wapo pia wanaotegemea miti ya barabarani imeze kaboni yote ya mji. Miti hutoa kaboni usiku, na minara ya mijini katika nchi nyingi imeonyesha kuwa kwa mwaka mzima mji hutoa kuliko unavyopokea.

Thamani kubwa ya mimea na ardhi oevu mjini iko kwenye maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inachukua takriban jouli milioni 2.45, nishati ambayo ingebaki kupasha hewa na kuta. Kinamasi cha Lubigi hapa Kampala kikifukiwa na kumwagiwa zege, nishati hiyo haipotei. Inahamia kwenye joto tunalolihisi na kwenye akiba ya zege inayorudishwa usiku. Kwa hiyo si kweli kwamba mji unayapita mashamba kwa joto hasa adhuhuri. Tofauti huwa kubwa baada ya jua kuzama, jambo ambalo Luke Howard, Mwingereza aliyechunguza hali ya hewa, alikwisha kuliona London mwanzoni mwa karne ya 19. Mabati nayo hulaumiwa kwa joto la usiku, ilhali ni membamba mno kuhifadhi joto jingi. Akiba iko kwenye zege, matofali na lami.

Asiye na fedha za mnara aachane na kihisi cha kaboni, apime joto la mji: anunue vipimajoto viwili vyenye kivuli kinachopitisha hewa, aweke kimoja mjini na kingine nje ya mji katika mwinuko ule ule. Mita 100 za kilima peke yake huweza kuleta tofauti ya zaidi ya nusu digrii, na usiku hewa baridi huteremka mabondeni, kwa hiyo kulinganisha kilele cha Nakasero, kilima cha katikati ya Kampala, na bonde la shambani hakumwambii lolote kuhusu mji.