Raki ya vyombo: fremu chomelea, reli nunua

Juzi niliitwa kanisani kuangalia raki mpya ya mitambo ya sauti. Chuma kizito, rangi safi, matairi manne chini. Amplifaya ya kwanza iliingia kwa kulazimishwa. Mixa ndogo ikagoma kabisa: skrubu ya juu ilikaa, ya chini ikalikosa tundu kwa karibu milimita mbili. Fundi alikuwa ametoboa kila baada ya milimita 15, mstari umenyooka kama uzi. Kazi yake nzuri, ila hakuna aliyemwambia kwamba matundu ya raki hayalingani nafasi.

Kimo cha vyombo vya raki hupimwa kwa U. U moja ni milimita 44.45 na ina matundu matatu. La kwanza hadi la pili ni 15.875, la pili hadi la tatu 15.875 tena, kisha kwenda la kwanza la U inayofuata ni 12.7 tu. Ndefu, ndefu, fupi, hivyo hivyo hadi juu. Kwa keekee ya mkono utakosea mahali, na kosa la nusu milimita kila U linakuwa milimita sita ukifika U ya 12.

Ndiyo maana siku hizi reli, yaani vyuma vya wima ambavyo vyombo hufungwa, nanunua tayari, zile zenye matundu ya mraba na nati za M6 za kupachika. Uzi wa nati ukilika, unabadilisha nati, reli inabaki.

Fremu ndiyo ya kuchomelea. Uso wa chombo una upana wa milimita 482.6, na kati ya reli na reli iwepo nafasi isiyopungua 450. Moto huvuta chuma, kwa hiyo kabla ya kuchomelea nafunga bamba la raki (bamba tupu lenye upana wa uso wa chombo) juu, katikati na chini, nasi tunachomelea kidogo kidogo tukibadilisha upande. Kina pima kwa chombo kirefu kuliko vyote, kisha ongeza sentimita 10 za plagi na nyaya. UPS, kile kifaa cha akiba ya umeme chenye betri, ikae chini kabisa. Na pale pa kufungia waya wa ethi, kwangua rangi mpaka uone chuma.

Ya kanisani tulikata nguzo za mbele tukafunga reli za 12U. Skrubu ya kwanza ya mixa niliizungusha kwa vidole mpaka mwisho, bisibisi ikiwa bado mfukoni.