Je, wajua kwa nini silikoni mpya haishiki juu ya ile ya zamani?

Ule utepe laini wa silikoni unaoziba mwanya kati ya beseni la kuogea na ukuta, au kandokando ya sinki, ukishaota madoa meusi ya kuvu, wengi huupaka mwingine juu yake. Haupiti muda mrefu, ule mpya unabanduka mzimamzima.

Sababu imo ndani ya silikoni yenyewe. Inapotoka kwenye mrija ni ujiuji wa minyororo mirefu ya molekuli iliyo tayari kushikana na kigae au kioo. Ikikutana na unyevu wa hewani, minyororo hiyo hufungamana ikawa wavu mmoja; aina nyingi hutoa asidi ya asetiki wakati huo, ndiyo maana hunuka siki. Kazi hiyo ikiisha, mikono ya kushikia imekwisha pia. Kinachobaki usoni ni vikundi vidogo vya kaboni na hidrojeni ambavyo havivutani na karibu chochote, si maji, si rangi, si gundi. Hata silikoni mwenzake huteleza.

Wavu huohuo ndio unaofanya isiyeyuke. Mafuta ya kuyeyushia rangi huivimbisha na kuilegeza tu. Dawa maalumu za kuondolea silikoni, zile zenye asidi kali, huikata minyororo yenyewe, lakini polepole, na zinafaa zaidi kwa mabaki membamba. Kwa hiyo wembe utangulie: kata ukingo wa juu, kata wa chini, kisha vuta. Beseni likiwa la plastiki, kwangua kwa kikwangulio cha plastiki, maana chuma huacha mikwaruzo isiyofutika.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa macho huona pamekwisha safi kumbe bado kuna utando usioonekana. Nyunyizia maji. Yakijikusanya matone ya mviringo mahali palipokuwa na utepe, ilhali pembeni pasipowahi kupakwa yanatandaa, utando ungalipo. Rudia kukwangua na dawa mpaka maji yatandae sawasawa pande zote. Kipimo hiki nakiamini kuliko kidole wala jicho.

Kuvu iliyobaki kwenye mwanya huuawa na dawa ya klorini, lakini suuza kwanza mabaki yote ya dawa ya asidi, na usiichanganye kamwe na siki: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu kwa mapafu. Fungua dirisha. Kisha suuza tena, acha pakauke kabisa, na umalizie kwa kufuta kwa spiriti.

Kabla ya kupaka mpya, jaza beseni maji. Uzito wake hulishusha kidogo na kupanua mwanya. Ukipaka likiwa tupu, siku ya kwanza ya kuoga silikoni itavutwa na kuachia. Maji hayo yakae humo mpaka silikoni ikomae, kwa kawaida saa 24 au zaidi utepe ukiwa mnene.