Je, wajua kwa nini fundi wa Kamukunji hafichi kazi yake?

Ukishuka stendi ya mabasi ya Machakos pale Nairobi huna haja ya kuuliza Kamukunji, kule kwa mafundi wa bati, iko wapi, we fuata kelele tu. Nyundo kwa nyundo, bati linalia, mtu anakuongelesha unaona mdomo unacheza ila husikii kitu. Mara ya kwanza nafika hapo nilikuwa natafuta jiko la mkaa la kupeleka nyumbani Moshi, nikajikuta nimesimama karibu saa nzima mbele ya fundi mmoja namwangalia tu. Alikuwa na pipa kuukuu la mafuta ameshalichana na kulinyoosha, akaweka juu yake kipande cha bati kilichokatwa tayari, hicho ndo kipimo chake, akazungusha msumari pembeni kuchora, halafu mkasi ukaingia kazini. Akaviringisha, akakunja kingo mbili zikashikana kama vidole vya mtu anayeomba, akapiga nyundo mara kadhaa, basi, imeshika, hakuna kulehemu hata tone.

Hakuniuliza nataka nini. Baada ya muda akanisukumia ncha ya bati, shika hapo bosi, nikashika.

Sasa kilichonishangaza ni kwamba hatua tatu tu kutoka hapo kuna mwingine anatengeneza jiko hilohilo, na nyuma yake mwingine, ila wa tatu miguu ya jiko lake kaipinda tofauti, na wakati nimesimama pale nikamwona kijana kaja kutoka banda jingine kachuchumaa, kaligeuza lile jiko chini juu, kaangalia miguu, kaondoka zake bila hata salamu. Nikamuuliza fundi wangu, we huogopi watu kukuibia mtindo? Akacheka akaniambia nifiche wapi, si unaona hakuna ukuta.

Nimelifikiria hilo jibu muda mrefu, manake naona limebeba karibu kila kitu.

Jina lenyewe la jua kali, ndivyo wanavyoitwa mafundi hawa Kenya, limetokana na hilo la kukosa ukuta, hawa watu walikuwa wanafanya kazi nje kabisa, jua la utosi. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi akawatembelea Kamukunji akaagiza wajengewe mabanda, wakapata paa. Ila banda ni paa na nguzo, pembeni kuko wazi, kwa hiyo kazi ya kila mtu iko machoni pa kila mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ukikosea wanaona. Ukipatia wanaona pia, na kesho yake nao wanayo.

Na jiko nililokuwa nanunua ndo mfano mzuri kuliko yote. Unalijua hilo, bati nje, bakuli la udongo ndani, kiuno chembamba katikati. Watu wengi wanadhani limekuwepo siku zote kama kinu na mchi, kumbe ni la juzijuzi tu. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati jadidifu palepale Nairobi, na miaka hiyo wataalamu walikuwa wanahangaika na mambo ya mkaa na misitu, wakaangalia jiko la ndoo linalotumika Thailand, la udongo ndani ya ndoo ya bati, wakasema hili tulilete. Mkenya mmoja Max Kinyanjui alikuwa mbele kwenye hiyo kazi, pamoja na mashirika ya nishati kama KENGO, lakini waliolifanya likawa jiko la kweli ni mafundi wa jua kali na akina mama waliolipikia. Majaribio ya mwanzo yalikuwa na matatizo, udongo ulijaa mpaka chini ukawa unapasuka, na jiko lenyewe likawa halitulii vizuri ukisonga ugali, na ugali we unajua mwenyewe unasongwa kwa nguvu, siyo supu hiyo. Mwishoni ndo likatoka umbo tunalolijua, pana juu, pana chini, jembamba kiunoni, udongo umeishia nusu ya juu pale moto unapokaa.

Lile jiko la zamani la bati tupu lilikuwa linapeleka kwenye sufuria kama asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la mkaa, linalobaki linakuchoma wewe miguu. Hili la udongo linafika 25 hadi 40. Kwa mtu anayenunua mkaa kwa kopo kila siku hiyo siyo sayansi, hiyo ni hela ya mboga.

Halafu hakuna aliyelifungia hati miliki. Fundi yeyote angeweza kulitengeneza, na walitengeneza kweli. Mwanzoni lilikuwa ghali na mengine yalikuwa mabovu, lakini kadiri mafundi walivyozidi kuingia bei ikashuka, likaenea mpaka likawa kwenye nyumba nyingi za mjini Kenya, halafu likavuka mipaka, huku kwetu Tanzania likaja kama Jiko Bora, Rwanda likaitwa canamake, likaenda mpaka Senegal huko wakaliita Diambar. Kila lilipofika watu walilibadilisha kidogo kulingana na sufuria zao na udongo wao.

Kwa nini hii inafanya kazi? Mimi naona sababu kubwa ni kwamba kitu kama jiko hakina tatizo moja kubwa la kutatuliwa na mtu mmoja mwenye akili nyingi, kina vitatizo hamsini vidogo, mguu unapinda, mkono unaunguza, majivu yanaziba matundu, udongo unacheza ndani ya bati. Ukijifungia na jiko lako utavitatua vinne, jirani yako kavitatua vinne vingine, na kama wote mmejifungia basi nchi nzima ina majiko yenye matatizo arobaini na sita kila moja. Ukiondoa ukuta tu hesabu inabadilika.

Na siyo Afrika peke yake. Uingereza kule Cornwall kwenye migodi, mhandisi James Watt alikuwa na hati miliki ya injini ya mvuke, ile iliyokuwa inavuta maji migodini, mpaka 1800, na muda wote huo kubadilisha kitu ilikuwa kesi. Ilipoisha, mwaka 1811 bwana mmoja Joel Lean akaanza kuchapisha kila mwezi injini ya mgodi gani imevuta maji kiasi gani kwa mkaa kiasi gani, na imeundwaje. Hapo wahandisi wakawa wanachunguliana kama mafundi wa Kamukunji, na ndani ya miaka kama 20 na kidogo injini zikawa zinafanya zaidi ya mara mbili ya kazi ile kwa mkaa uleule. Karatasi moja ya kila mwezi hiyo, ndo ilikuwa banda lao lisilo na ukuta.

Lakini kuondoa ukuta peke yake hakutoshi, mgeni naye lazima apate pa kuingilia. Hapa nawapenda sana jamaa wa Homebrew Computer Club kule California. Walianza Machi 1975 kwenye gereji ya Gordon French, watu kama 30 hivi, wapenzi wa kompyuta wakati kompyuta yenyewe karibu hamna mtu anayo nyumbani. Baadaye mikutano ikakua ikahamia ukumbi mkubwa, na aliyekuwa anaiongoza, Lee Felsenstein, akawa na utaratibu wa ajabu kwa urahisi wake. Kwanza watu wanasimama mmojammoja wanasema nina hiki, natafuta kile, nimekwama hapa. Haijadiliwi hapo, unasema tu unakaa. Wakishamaliza anawaachia, na kila mtu anakwenda moja kwa moja kwa yule aliyemsikia. Yaani hata kama wewe ni mwoga, umekuja leo, hujui mtu, tayari wenzako wanajua umekwama wapi na wanakufuata wao. Steve Wozniak alikuwa mtu wa aibu kweli, hasimami kuongea mbele za watu, lakini alikuwa anagawa michoro ya kompyuta aliyoiunda, na hiyo ndo ikawa Apple ya kwanza.

Linganisha na sehemu moja niliyowahi kwenda, sitaitaja, ina wifi kali, makochi ya rangi, ukutani wameandika maneno ya ubunifu ya Kizungu. Nilikaa kutwa nzima. Kila mtu na hedifoni zake masikioni, na dada aliyekuwa pembeni yangu nilipomuuliza anatengeneza nini akafunga laptopu taratibu. Kahawa ilikuwa nzuri lakini.

Tofauti na hapo Arusha kuna karakana ya Twende, ambapo mtu wa kawaida, mkulima, mama wa kijijini, anashikishwa vifaa atengeneze kitu cha shida yake mwenyewe, na ukiwa umeshika nyundo mkononi maneno yanakuja yenyewe, huwezi kukaa kimya na mtu mnayeshikiana bati.

Tusidanganyane ila, Kamukunji siyo peponi. Wengi wanaingia pale kupitia ndugu au mtu wa kwao, wengine wanalipia kufundishwa, na wanawake wanaoshika nyundo unawahesabu kwa vidole, wakati wapikaji ndo wanaolijua jiko kuliko fundi. Na kuna swali la haki kabisa, huyu aliyebuni anakula nini? Februari 1976 Bill Gates, kijana bado, aliandika barua ya wazi akiwalalamikia hao wapenzi wa kompyuta kwamba wanakopi programu yake bila kulipa, na ukiisoma bila ushabiki unaona ana hoja, alikuwa ametumia muda na hela. Mimi sioni kwamba kila kitu kiachwe wazi. Ila mtu anayeanza, ambaye wazo lake bado ni miguu iliyopinda tu, hatari yake kubwa siyo kuibiwa, ni kukosa mtu wa kumwambia imepinda.

Gharama ya kitu kukosa mwenyewe ni ubora. Majiko mabovu yapo kibao, bati jepesi kama la kopo la maziwa, udongo haujaiva vizuri tanuruni, unawasha mara tatu unapasuka, na huna wa kumdai kwa sababu jiko halina jina. Mimi ningeuziwa mojawapo siku ile, nilishalishika mkononi naulizia bei, jirani wa fundi wangu ndo akaninyang'anya, akagonga udongo kwa kucha, ukalia kama mlango wa ubao, akachukua lingine akagonga, tii, tii. Hilo la kwanza lina ufa, akasema, hata kama huuoni. Akanichagulia la tatu, na halikuwa lake, lilikuwa la yule mwenzake, ambaye alikuwa palepale anacheka na hela yangu ameshaipokea.