Mkulima ni yuleyule, misimu ni miwili

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi katika ripoti za tafiti za wakulima hapa Mbeya ni kusahau kwamba aliyejibu dodoso kabla ya mafunzo na aliyelijibu baadaye ni mtu mmoja. Mchambuzi huzilinganisha safu mbili za takwimu kana kwamba ni za makundi mawili yasiyojuana, kisha huandika kwamba mafunzo hayakuleta badiliko.

Nitunge mfano. Tuseme wakulima 36 wa viazi mviringo huko Umalila waliongeza mavuno kwa wastani wa gunia 3 kwa ekari, na kila msimu mkengeuko sanifu wa mavuno yao, yaani kadiri yanavyotawanyika kuzunguka wastani, ulikuwa gunia 15, kwa kuwa yupo mwenye udongo mzuri na mbolea ya kutosha, na yupo anayelima mteremko uliochoka. Ukizichukua safu hizo kama makundi mawili, kosa sanifu, yaani kadiri wastani huo unavyoweza kuyumba kwa bahati ya sampuli, linafika gunia 3.5, na mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambamo badiliko halisi linakadiriwa kuwamo, inaanzia hasi 4 na kuishia 10. Sifuri imo ndani, hivyo nadharia tete, yaani dhana inayojaribiwa, ya kwamba hakuna badiliko haikataliki. Lakini ukitoa mavuno ya kwanza ya kila mkulima katika mavuno yake ya pili, unabaki na tofauti 36 tu, na ubora wa shamba la huyu dhidi ya la yule unajifuta wenyewe. Iwapo mkengeuko sanifu wa tofauti hizo ni gunia 6, ukiugawa kwa kipeuo cha pili cha 36 unapata kosa sanifu la gunia 1. Thamani ya t, yaani badiliko likigawanywa kwa kosa sanifu, ni 3, na mipaka ni gunia 1 hadi 5 hivi; sifuri haimo tena.

William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, alipochapisha mbinu hii ya jaribio la t mwaka 1908 kwa jina bandia la Student, naye alitumia jozi: wagonjwa 10, kila mmoja akiwa amejaribiwa dawa mbili za usingizi.

Binafsi huisoma mipaka kabla ya jaribio la t. Jaribio linasema badiliko lipo. Mipaka inaonyesha kwamba huenda ni gunia moja tu, ambalo pengine halirudishi gharama ya mbegu. Hiyo asilimia 95 ni sifa ya njia yenyewe: tungerudia utafiti kwa sampuli mpya mara nyingi, takriban mara 95 katika kila 100 mipaka ingeufunika wastani halisi.

Jozi, hata hivyo, haiponyi kipimo kibovu. Ikiwa msimu wa kwanza watu walihesabu lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi, na wa pili wakahesabu gunia lililopimwa kwenye mizani, tofauti unayoipata ni ya magunia, si ya mavuno, kwa hiyo mimi huomba kilo. Huomba pia kila dodoso liwe na namba ya mkulima, ileile katika awamu zote mbili, kwa sababu dodoso zisizo na namba haziwezi kurudishwa kwenye jozi zake.