Imparfait du subjonctif ya Kifaransa: dhana potofu na ukweli wake

Anayejifunza Kifaransa, awe Bujumbura, Lubumbashi au Dar es Salaam, akifika kwenye ukurasa wa imparfait du subjonctif, njeo (umbo la wakati la kitenzi) ya dhamira tegemezi, ile inayofuata maneno kama kutaka na kuhofia, huambiwa moja kati ya mawili: ama njeo hii imekufa, aipite tu, ama ni ngumu kiasi kwamba hata Wafaransa wenyewe inawashinda. Kila moja ina chembe ya kweli, na chembe hiyo ndiyo inayofanya uongo uliobaki uaminike. Mimi naipenda njeo hii, na inaniuma kuona wasomaji wetu wakiikimbia kabla ya kuitazama vizuri.

Dhana: Inaundwa kutokana na imparfait ya kawaida

Jina ndilo linalopoteza watu. Mwanafunzi anaona neno imparfait, anakumbuka je venais na je voulais, basi anaanza kubandika viishio kwenye ven- na voul-. Hafiki popote.

Shina linatoka kwenye passé simple, ile njeo ya kusimulia inayopatikana vitabuni. Chukua nafsi ya pili umoja ya passé simple, ambayo siku zote huishia na s, kisha uongeze -se, -ses, -sions, -siez, -sent. Tu parlas inatoa que je parlasse. Tu finis inatoa que je finisse, tu voulus que je voulusse, tu vins que je vinsse. Nafsi ya tatu umoja pekee ndiyo yenye njia yake: s inaondoka, t inaingia, na irabu inavaa kofia, yaani accent circonflexe. Ndiyo maana tunaandika qu'il parlât, qu'il finît, qu'il voulût, qu'il vînt.

Undugu huu una historia. Kilatini kilikuwa na amarem, ambayo ndiyo hasa iliyokuwa imparfait ya dhamira tegemezi, lakini Kifaransa hakikuirithi hiyo. Kilirithi amavissem, iliyofupishwa ikawa amassem, njeo ya tendo lililokwisha kutimia. Passé simple nayo inatoka kwa amavi. Zote mbili zimetoka kwenye shina moja la Kilatini, ndiyo maana hadi leo ukiijua moja umeijua na nyingine. Anayesoma Kihispania atakuwa amekutana na ndugu yao, cantase.

Dhana: Kila kitenzi kina vituko vyake

Hapana. Ukishaijua passé simple ya kitenzi, hakuna tena kitenzi kisichofuata kanuni. Hata wale wakorofi wakuu wa Kifaransa wanatii: être ni tu fus, basi que je fusse, qu'il fût, avoir ni tu eus, basi que j'eusse, qu'il eût (ile e ya mwanzo haisikiki, inatamkwa u ya Kifaransa peke yake), faire ni tu fis, basi que je fisse, qu'il fît. Upekee pekee ninaoujua ni wa maandishi: haïr haivai kofia kwa sababu juu ya i kuna nukta mbili tayari, kwa hiyo tunaandika qu'il haït.

Mzigo wa kweli uko kwenye passé simple yenyewe, na hapo napo makundi ni manne tu, kwa irabu: a kwa vitenzi vya -er, i kwa finir, prendre, voir na wenzao, u kwa vouloir, savoir, pouvoir na wengine wengi, na in kwa venir, tenir na vyote vilivyozaliwa navyo, kama devenir na obtenir.

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi hawalisemi, na lingewatoa wanafunzi hofu siku ya kwanza. Tazama kitenzi finir katika présent du subjonctif: que je finisse, que tu finisses, que nous finissions, que vous finissiez, qu'ils finissent. Sasa tazama imparfait du subjonctif ya kitenzi hichohicho: ni maneno yaleyale, herufi kwa herufi. Tofauti iko kwa nafsi ya tatu umoja tu, qu'il finisse na qu'il finît. Maana yake, mwanafunzi aliyeimudu finir tayari anavijua viishio vyote ambavyo amekuwa akiviogopa.

Dhana: Kofia ni pambo tu, tena mageuzi ya 1990 yaliiondoa

Mageuzi ya tahajia yaliyochapishwa katika Journal officiel tarehe 6 Desemba 1990 yaliruhusu kuiacha kofia juu ya i na u katika maneno mengi, lakini yaliibakiza waziwazi katika viishio vya vitenzi vya passé simple na vya dhamira tegemezi. Sababu inaeleweka. Il fut ni taarifa: alikuwa. Qu'il fût ni dhamira tegemezi. Kwa sikio hakuna tofauti hata kidogo. Ni kofia peke yake inayomwambia msomaji yuko wapi. Anayeandika "bien qu'il fut malade" (ingawa alikuwa mgonjwa) amekosea, si kwa sababu amesahau alama, bali kwa sababu ameweka njeo nyingine kabisa.

Dhana: Inatumika pale tu kitenzi kikuu kikiwa katika wakati uliopita

Hiyo ndiyo kanuni ya shuleni, na mara nyingi inatosha: je craignais qu'il ne partît, niliogopa asije akaondoka. Hapohapo angalia kwamba kuondoka kwenyewe kulikuwa bado. Njeo hii haisemi kwamba tendo la kishazi tegemezi limepita. Inasema tendo hilo linakwenda sambamba na kitenzi kikuu au linafuata baada yake. Likiwa limetangulia, Kifaransa kinatumia plus-que-parfait du subjonctif: je craignais qu'il ne fût parti, niliogopa kwamba pengine ameshaondoka.

Kuna nafasi nyingine. Baada ya conditionnel, umbo la Kifaransa linalokaribia -nge- yetu: il faudrait qu'il vînt, ingebidi aje. Au mwanzoni mwa kishazi, bila que: il finira ce travail, dût-il y passer la nuit, ataimaliza kazi hii hata ikimbidi akeshe. Kitenzi kikuu hapo kiko katika wakati ujao! Na katika tamthilia ya Racine, Andromaque, ya mwaka 1667, mama mfungwa anamwambia Pyrrhus, mfalme anayemshikilia, kwamba kinachowatisha Wagiriki si kwamba siku moja mwanawe atamlipizia baba yake kisasi: « On craint qu'il n'essuyât les larmes de sa mère. » Craint ni wakati uliopo, essuyât ni imparfait du subjonctif. Kinachosemwa ni kwamba wanahofia mtoto huyo angeweza kuyafuta machozi ya mama yake, laiti angeachwa aishi. Masharti yote hayo yamebebwa na kiishio kimoja. Kwangu mimi, mstari huo peke yake unatosha kuwa sababu ya kujifunza njeo hii.

Dhana: Kusema "je voulais qu'il vienne" ni kosa

Si kosa. Amri ya serikali ya Ufaransa ya tarehe 26 Februari 1901 iliruhusu présent du subjonctif baada ya conditionnel, kwa mfano il faudrait qu'il vienne. Ile ya tarehe 28 Desemba 1976 ikapanua ruhusa hiyo katika mitihani hadi baada ya wakati uliopita, ikakubali vînt na vienne pamoja. Katika mazungumzo ya leo, vienne ndiyo ya kawaida, na anayesema vînt mezani atatazamwa.

Kwa Mswahili jambo hili halina ugeni wowote. Sisi tunasema "nataka aje" na "nilitaka aje". Kile -e cha mwisho hakijali kitenzi kikuu kiko wakati gani. Kifaransa cha kuzungumza kimefika hapohapo.

Dhana: Basi imekufa

Mdomoni, ndiyo. Kwenye maandishi, nafsi ya tatu iko hai: fût, eût, pût, vînt utazikuta katika riwaya, katika insha, na katika misemo kama ne fût-ce que. Zilizofifia ni nafsi nyingine, hasa que nous parlassions na wenzake. Kiishio -asse kinafanana na kile cha maneno ya dharau kama paperasse, na hata waandishi hodari huzunguka ili wasikitumie. Ushauri wangu kwa mwanafunzi: zitambue nafsi zote sita unaposoma, lakini kwa kuandika, hakikisha ile ya il umeimudu.

Dhana: Ndiyo -nge- yetu

Hapa wazungumzaji wa Kiswahili huteleza kuliko wengine, na waliopitia Kihispania pia. "Ningekuwa na pesa, ningenunua" ni si j'avais de l'argent, j'achèterais: imparfait ya kawaida upande wa si, conditionnel upande wa pili. Imparfait du subjonctif haina nafasi baada ya si hiyo. Inayoruhusiwa, kwa lugha ya kifasihi, ni plus-que-parfait du subjonctif, na inaweza kukaa pande zote mbili: s'il eût su, il fût venu. Kwetu ni "angalijua, angalikuja", nasi pia tunarudia umbo lilelile mara mbili.

Dhana: Après que huitaka eût

Kosa hili linawapata zaidi wanaojitahidi kuandika vizuri. Wameshazoea avant qu'il eût fini (kabla hajamaliza) na bien qu'il eût fini (ingawa alikuwa amemaliza), basi wakifika kwenye après que (baada ya) wanaweka kofia ileile. Lakini après que inataja jambo lililokwisha kutokea, halina shaka wala matarajio, kwa hiyo ni après qu'il eut fini, bila kofia: hiyo ni passé antérieur, si dhamira tegemezi. Ukiwa na wasiwasi, badilisha nafsi iwe ya wingi ndipo sikio likusaidie: après qu'ils eurent fini, lakini avant qu'ils eussent fini.