Kukaa kimya si kujitoa kwenye kesi

Ndugu zetu wengi walioko Marekani huamini kwamba ukiitupa barua ya kesi ya pamoja, yaani ile inayofunguliwa na wachache kwa niaba ya watu wengi, hupati kitu, ila pia hupotezi kitu. Si kweli, na inauma kuona watu wakipoteza haki yao hivyo.

Chukua kesi ya faragha dhidi ya Facebook, iliyotokana na sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa iliyopata data za mamilioni ya watumiaji wa Facebook bila idhini yao. Facebook ilikubali kulipa dola milioni 725. Aliyekuwa na akaunti akiwa Marekani kati ya Mei 24, 2007 na Desemba 22, 2022 alihesabiwa humo bila kuulizwa. Lakini malipo yalidai fomu, mwisho Agosti 25, 2023. Ambaye hakujaza hakupata hata senti. Na kama hakujitoa rasmi kabla ya tarehe iliyowekwa, alifungwa na makubaliano yaleyale, asiweze tena kushtaki kwa madai hayo.

Kujaza fomu hakukupeleki mahakamani, wala hakuna ada. Mawakili hulipwa kutoka kwenye mfuko huohuo, kwa idhini ya jaji. Anayekutaka utume pesa kwanza ili malipo yako yaachiliwe ni tapeli.